Jinsi ya Kuandaa Meza ya Kutengenezea Vifaa vya Umeme Nyumbani, Nairobi

Mtu anayetaka kutengeneza redio, wufa, chaja na vifaa vingine vidogo vya umeme nyumbani kwa kawaida huanzia Luthuli Avenue. Hununua chuma cha kulehemia, malitimita (kipimo cha volti na mkondo wa umeme) na seti ya bisibisi, kisha hurudi kuvitandaza juu ya meza ile ile ambayo familia italia chakula jioni. Utaratibu huo umeanzia mwisho. Vyombo ndivyo sehemu rahisi kabisa ya kazi hii, na vinaweza kuongezwa kimoja kimoja kadiri mfuko unavyoruhusu. Mahali pa kazi na njia ya umeme unaofika mezani ndivyo vinavyopaswa kuamuliwa kwanza, kwa sababu vikishakaa vibaya ni vigumu kuvirekebisha, na makosa yake hulipwa kwa mwili.

Mahali

Katika nyumba ya kupanga, uchaguzi ni mdogo: pembe ya sebule, chumba cha kulala, stoo, au SQ (chumba cha mfanyakazi kilicho kando) kwa aliyebahatika. Roshani huwavutia wengi kwa sababu ina hewa na mwanga, lakini mvua za masika, kati ya Machi na Mei, huja na upepo unaorusha maji mpaka mlangoni, na miezi ya kiangazi vumbi la barabarani hutua juu ya kila kilichofunguliwa. Roshani inafaa kwa kupulizia vumbi lililo ndani ya wufa ya zamani, si kwa kazi yenyewe.

Dirisha ni la lazima. Nairobi iko karibu sana na ikweta, kwa hiyo dirisha linalotazama mashariki au magharibi hupigwa na jua kali asubuhi au alasiri, ilhali linalotazama kaskazini au kusini hupata mwanga uliotulia kwa muda mrefu zaidi wa siku. Ukiweza kuchagua, chagua hilo la pili, na uiweke meza ili mwanga uingie kutoka kushoto ikiwa unatumia mkono wa kulia, kusudi kivuli cha mkono kisiangukie pale unapolehemu.

Anayeishi katika bedsita ana jambo moja la kuzingatia kuliko mengine yote, nalo ni mtungi wa gesi. Chuma cha kulehemia hufanya kazi katika nyuzi 320 hadi 350 za Selisiasi, na spiriti ya kusafishia bodi, yaani ubao unaobeba vijenzi ndani ya kifaa, hutoa mvuke unaoshika moto upesi. Meza iwe upande wa pili wa chumba, mbali na meko, na kazi isifanyike wakati jiko linawaka. Kama chumba hakiruhusu umbali huo, kulehemu kufanyike kwa rafiki mwenye nafasi, na nyumbani zibaki kazi za kufungua, kupima na kusafisha.

Meza yenyewe

Meza ya kazi hii haihitaji nguvu ya meza ya seremala, lakini haipaswi kutikisika hata kidogo, kwa kuwa ncha ya chuma ikisogea milimita moja tu, lehemu, yaani metali inayoyeyushwa kuunganishia, huunganisha miguu miwili ya kijenzi iliyopaswa kukaa mbalimbali. Mbao za saipresi za inchi nne kwa mbili zinatosha kwa miguu na fremu. Ziangalie vizuri kabla ya kulipa, kwa sababu mbao nyingi zinazouzwa mjini bado ni mbichi: mbao mbichi ni nzito kupita kiasi, ni baridi ukiigusa, na ukiigonga hutoa sauti iliyofifia. Ukiijenga ikiwa hivyo, fremu itajipinda miezi michache baadaye na mguu mmoja utaning'inia.

Kwa uso wa meza, karatasi moja ya plaiwudi ya milimita 18 yenye futi nane kwa nne inatosha na kubaki. Mwombe muuzaji aikate kwa mashine katikati kwa urefu na katikati kwa upana, nawe utapata vipande vinne vya takriban sentimita 61 kwa 122. Viwili vibandikwe pamoja kwa gundi nyeupe ya mbao na kukazwa kwa skrubu kutoka chini, vikupe uso mnene wa milimita 36. Cha tatu kiwe rafu ya chini, ambayo pia huifunga miguu isiyumbe. Cha nne kisimamishwe nyuma ya meza kama ubao wa kutundikia vyombo. Ubao huo ufungwe kwenye meza yenyewe, si ukutani, nawe utaepuka mazungumzo marefu na keateka siku ya kuhama. Kimo cha sentimita 72 hadi 76 humfaa mtu anayefanya kazi akiwa ameketi. Usiufunike uso kwa karatasi ya plastiki yenye maua, hata ikipendeza, maana tone moja la lehemu huitoboa.

Umeme

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote. Anza kwa kuhakikisha kuwa soketi ya ukutani ina waya wa ardhi, ule wa tatu unaopeleka ardhini umeme unaovuja, unaofanya kazi kweli, kwa sababu katika majengo mengi soketi ina matundu matatu lakini waya wa tatu haujaunganishwa popote. Kipimo kidogo cha soketi chenye taa tatu huonyesha hilo mara moja. Kasoro ikionekana, mwite fundi wa umeme mwenye leseni kupitia mwenye nyumba. Meza isitumike kabla ya hapo.

Vifaa vyote vya mezani vilishwe na ekstensheni moja nzuri yenye swichi, na swichi hiyo ifungwe ukingoni mwa meza, mahali ambapo mkono wa kushoto huifikia bila kuvuka juu ya kifaa kilichofunguliwa. Mtu wa nyumbani aonyeshwe swichi hiyo na aelezwe kwamba, akikuta fundi amenaswa na umeme, aizime kwanza kabla ya kumgusa. Ukiweza, ongeza kati ya soketi na ekstensheni kifaa kinachokata umeme unapovuja, cha miliampia 30. Fyuzi ndani ya plagi nayo huangaliwa mara chache mno: plagi nyingi huja na fyuzi ya ampia 13, ambayo katika volti 240 huruhusu zaidi ya wati 3,000 kupita, ilhali chuma cha kulehemia cha wati 60 hutumia robo tu ya ampia. Kwenye plagi ya chuma hicho weka ya ampia 3.

Umeme ukipotea, iwe tokeni zimeisha au mtaa mzima umezimika, zima swichi hiyo papo hapo, kwa sababu unaporudi huweza kurudi kwa kishindo, na tena chuma kilichosahaulika juu ya meza kitapata moto usiku wakati umelala.

Chombo ambacho mimi ningekiweka mbele ya malitimita ya bei kubwa ni taa ya kinga. Ni soketi ya kujaribia iliyounganishwa kwa mfululizo na balbu ya kizamani yenye uzi ndani, ya wati 60 au 100. Balbu ya LED haifai kwa kazi hii. Waya wa moto hupitia kwanza katika balbu ndipo ufike kwenye soketi, na waya wa nyutro na wa ardhi hupita moja kwa moja. Kifaa kilichokuwa kibovu huchomekwa hapo mara ya kwanza baada ya kutengenezwa. Kama kiko sawa, balbu hung'aa kwa sekunde moja kisha hufifia. Kama ndani bado kuna shoti, balbu huwaka kwa nguvu zake zote na kubaki hivyo, nayo humeza umeme ambao vinginevyo ungelipua transista uliyotoka kuinunua. Fundi anayeijenga aifungie katika sanduku, waya zote zikiwa zimefunikwa, na asiyejua kufunga soketi amlipe anayejua. Taa hii hulinda kifaa tu. Haimlindi binadamu, kwa sababu volti 240 bado zipo pale pale na umeme unaopita kwenye balbu unatosha kuua.

Kuchomoa waya ukutani nako hakutoshi. Ndani ya chaja, runinga na kompyuta kuna kapasita kubwa, kijenzi kinachohifadhi umeme, ambayo umeme wa volti 240 huijaza hadi volti 340 hivi, na inaweza kubaki imejaa baada ya plagi kuchomolewa. Mafundi wengi huigusisha miguu yake kwa bisibisi, ikatoa mlio na cheche. Njia hiyo huharibu kapasita, bodi na bisibisi, na huweza kurusha chembe za chuma machoni. Tumia rezista (kijenzi kinachopunguza mkondo wa umeme) ya kiloomu 2.2 yenye uwezo wa wati tano au zaidi, iliyofungwa kwenye koleo mbili zenye mipini ya plastiki, ishike kwa sekunde chache, kisha thibitisha kwa malitimita kwamba volti zimeshuka karibu na sifuri. Maikrowevu isipande mezani kabisa. Kapasita yake hufikia maelfu ya volti na haina nafasi katika kazi ya nyumbani.

Mwanga na macho

Taa ya LED yenye mwanga mweupe uliotulia, wa kati ya Kelvini 4,000 na 5,000, ni bora kuliko balbu ya manjano, na sababu yake huonekana kwenye rezista, ambayo thamani yake husomwa kwa pete za rangi. Pete za kahawia, nyeusi na nyekundu humaanisha oomu 1,000. Za kahawia, nyeusi na chungwa humaanisha 10,000. Chini ya mwanga wa manjano, nyekundu na chungwa kwenye rezista isiyofika hata urefu wa punje ya mchele hufanana kabisa, na thamani hukosewa mara kumi. Taa yenye kioo cha kukuza husaidia sana, ila ifunikwe kwa kitambaa baada ya kazi: jua la dirishani likipita katika kioo hicho huweza kuwasha karatasi iliyo chini yake.

Moshi na risasi

Moshi mweupe unaopaa wakati wa kulehemu hautokani na risasi, ile metali yenye sumu iliyomo katika lehemu, bali na flaksi, kisaidizi cha kushikisha lehemu ambacho mara nyingi ni utomvu wa misonobari; huwasha koo, na anayeuvuta kwa muda mrefu anaweza kupata pumu. Feni ya kompyuta ya volti 12 iliyowekwa upande wa dirisha na kugeuzwa ivute moshi kutoka kwako kuelekea nje inatosha kwa kazi ndogo. Isipulize juu ya kazi, kwa kuwa itapoza lehemu kabla haijashika.

Risasi hupita mikononi. Waya wa lehemu wa kawaida, wenye bati sehemu 60 na risasi sehemu 40, ni rahisi kuyeyusha na ndio unaomfaa anayejifunza, lakini mikono inaoshwa kwa sabuni kabla ya kushika kitu kingine chochote, na chai haikai mezani hata ikiwa na kifuniko. Mabaki yafutwe kwa kitambaa chenye maji, yasifagiliwe kavu. Madhara ya risasi kwa watoto Wakenya tumeyaona Owino Uhuru, Mombasa, ambako wakazi waliathiriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Meza moja ya nyumbani si kiwanda, lakini mtoto anayetambaa chini ya meza hiyo huokota kila kinachodondoka na kukitia kinywani. Mwenye mtoto mdogo atumie waya usio na risasi, ambao huyeyuka katika nyuzi 217 hivi badala ya 183 na hutaka uvumilivu zaidi, au afanyie kazi katika chumba kinachofungwa kwa ufunguo.

Mpangilio

Hapa sina mengi. Trei ya mayai ni chombo bora kabisa cha kuhifadhia skrubu kwa mpangilio zilivyotolewa, tundu la kwanza likiwa la skrubu ya kwanza. Piga picha kwa simu kila hatua kabla ya kuchomoa waya. Vijenzi viwekwe katika mikebe midogo yenye maandishi. Ule mkeka wa silikoni wa buluu unaouzwa mjini huzuia joto, lakini si wote unaozuia chaji tuli, yaani umeme unaojikusanya mwilini, hata muuzaji akiapa. Kwa bodi za simu na kompyuta vaa mkanda wa mkononi uliounganishwa na waya wa ardhi kupitia rezista ya megaoomu moja, na uuvue kila unapofungua kifaa kilicho kwenye umeme wa ukutani.

Kizimamoto kiwe cha poda kavu au cha kaboni dioksidi, nacho kikae karibu na mlango, si nyuma ya meza ambako moto utakuwa umekuzuia usikifikie. Chini ya meza weka ndoo ya mchanga kwa ajili ya betri za simu zilizovimba. Betri ya namna hiyo haitobolewi, haibanwi na haichajiwi tena. Huzikwa ndani ya mchanga, ndoo ikapelekwa nje ya nyumba, kisha betri ikapelekwa kwa wanaokusanya taka za elektroniki, kama WEEE Centre hapa Nairobi. Isitupwe katika pipa la ploti, kwa sababu gari la taka huzikandamiza taka zote pamoja, na betri iliyovimba ikikandamizwa huwaka.