Katoni Moja ya Likizo: Jinsi ya Kuchagua Vifaa vya Sanaa kwa Watoto

Likizo ya Juni ikikaribia, wazazi wa hapa Moshi huniuliza swali lilelile: ninunue nini ili watoto wasishinde kwenye televisheni? Nafundisha watoto uchoraji na kazi za mikono wakati wa likizo, na jibu langu haliwafurahishi wenye maduka: usinunue seti. Lile boksi la plastiki lenye rangi 48, vikalamu vyembamba na brashi inayonyonyoka nywele, liache hapohapo kwenye shelfu. Nusu ya rangi zake zinafanana, brashi haishiki maji, na karatasi, ambayo ndiyo mtoto ataimaliza kwanza, haimo kabisa.

Kanuni yangu ni hii: kinachoingia kwenye katoni lazima kiwe na kazi tatu au zaidi. Nikiulizwa kazi yake ya tatu nikakosa jibu, hakinunuliwi.

Hatua ya 1: Anza na nyumba yako

Kabla ya kushuka mjini, tafuta katoni tupu uiweke sebuleni, kisha waambie watoto waijaze kwa siku chache. Maboksi ya sabuni na ya mafuta ya kula, magazeti, karatasi za ofisini zilizochapwa upande mmoja, makopo ya mtindi, visoda, miswaki ya zamani, shati la baba lisilovalika tena. Hilo shati likivaliwa kinyume, vifungo mgongoni, ni aproni tosha.

Usitupe mifuko ya kaki. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ipigwe marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, ya karatasi imezagaa kila jikoni. Ukiufungua kwenye gundi na kuunyoosha kwa pasi ya uvuguvugu, unapata karatasi ngumu ya rangi ya udongo. Mkaa na chaki nyeupe hupendeza sana juu yake, kuliko hata kwenye karatasi nyeupe ya dukani.

Trei za mayai nazo zihifadhi. Zikilowekwa usiku kucha, zikapondwa na kukamuliwa, kisha zikachanganywa na gundi ya unga, zinakuwa rojo la kufinyangia vinyago na bakuli. Mabaki ya vitenge mwombe fundi cherehani wa mtaani kwako. Jioni anayafagia tu, na ukimwendea vizuri atakuwekea mfuko mzima.

Hatua ya 2: Karatasi ipate nusu ya fedha

Hapa ndipo wazazi wengi hubishana nami. Mtoto mwenye karatasi mia na penseli moja atachora likizo nzima. Mwenye penseli mia na karatasi kumi atamaliza kabla ya chakula cha mchana, halafu ahamie ukutani.

Karatasi ya A4 ya kawaida, ile ya kudurufia, ina uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba. Inafaa kwa penseli, krayoni, kukunja maumbo na kukatia. Kwa rangi ya maji haifai, maana inajikunja na kutoboka mtoto akipitisha brashi mara ya tatu. Rimu moja ina karatasi 500, kwa hiyo familia mbili jirani zinaweza kuchangiana.

Kwa rangi, nunua manila nyeupe. Karatasi moja kubwa ikate vipande vinne, hapo inabeba rangi ya maji, kolaji (picha ya kubandika vipande), kadi na hata vinyago vya kuvaa usoni. Pia pita kwa wachapaji uulizie vipande vya pembeni wanavyokata na kuviweka kando. Mara nyingi ni karatasi nzito na nzuri, na watakuuzia kwa bei ndogo au wakupe bure.

Kisha kuna boksi. Mzazi akilipaka upande mmoja kwa rangi nyeupe ya maji ya ukutani na kuliacha likauke, limekuwa ubao wa kuchorea. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, hakuwa na turubai wala rangi za wasanii: alitumia vipande vya mbao za dari na rangi ya baiskeli. Alifariki mwaka 1972, na mtindo wenye jina lake bado unauzwa kwa watalii hapa na Arusha. Ila rangi yenyewe usimwige kwa watoto. Rangi za mafuta zinasafishwa kwa petroli au tina, na harufu yake si ya kuvutwa na mtoto.

Hatua ya 3: Chupa tano za rangi

Nyekundu, njano, bluu, nyeupe na nyeusi. Chagua rangi ya maji ya chupa iliyoandikwa kwamba inafaa watoto na inafulika. Nyeupe nunua chupa kubwa au mbili, kwa sababu huisha upesi kuliko zote. Nyeusi nunua ndogo, tena siku za mwanzo ifiche. Watoto wakiiona wanaitia kila mahali, na kufikia saa nne meza nzima imekuwa matope. Bluu ukiichanganya na kahawia unapata giza zuri zaidi la usiku.

Nyekundu na njano huzaa chungwa, njano na bluu huzaa kijani, nyekundu na bluu huzaa zambarau, na zote tatu huzaa kahawia. Zambarau huwa na ukaidi: nyekundu yako ikiwa ya kuelekea chungwa, utapata kahawia tu. Hilo si kosa la mtoto. Jaribu nyekundu ya kuelekea waridi.

Zoezi ninalolipenda halihitaji chupa ya kijani hata moja. Wapeleke watoto nje watazame shamba la mgomba na kahawa, kisha watengeneze kijani tano tofauti walizoziona. Jani changa la mgomba lina njano nyingi. La kahawa limekolea na linang'aa. Jani lililo kivulini lina bluu. Mtoto aliyepewa chupa ya kijani kilichokwisha kuchanganywa hatazami shamba kwa makini namna hiyo, ana sababu gani?

Ongeza boksi moja la krayoni 12 za nta. Zinachora, zinasugua (weka jani au gome la mti chini ya karatasi, pitisha krayoni kwa ubavu, mishipa inatokea), na zinakataa maji. Chora kwa krayoni nyeupe kwenye manila, pitisha bluu nyepesi juu yake, na mchoro uliofichika utajitokeza. Zoezi hilo huwanyamazisha hata watundu. Penseli chukua HB na 2B. Herufi B ikiwa na namba kubwa, penseli ni laini na nyeusi zaidi. Kwa kivuli 2B inatosha.

Hatua ya 4: Zilizobaki zichukue jikoni na shambani

Zamu ya jikoni sasa, na mimi hapa ndipo nafsi yangu ilipo.

Nunua manjano ya unga na magadi kidogo pale Mbuyuni au soko lolote. Koroga kijiko kidogo cha manjano kwenye robo kikombe cha maji ya moto, acha yapoe, mpe mtoto apake karatasi nzima. Ikikauka, chovya kijiti cha pamba kwenye maji ya magadi na uchore. Mstari unatoka mwekundu wa kutu! Manjano hubadilika rangi yakikutana na kitu chenye asili ya magadi, na tone la limau huyarudisha kuwa njano. Watoto wa darasa la tano na kuendelea waulize kwa nini, nao watakuwa wanasoma sayansi bila kujua. Magadi ayachanganye mtu mzima, kiasi cha ncha ya kijiko kwenye nusu kikombe, na watoto wasiguse macho.

Rozela iliyochemshwa nayo hubadilika: limau huiwekea wekundu mkali, magadi huisukuma kwenye bluu na kijani. Kahawa nzito, hata iliyobaki kikombeni asubuhi, hutoa vivuli vya kahawia; paka mara moja upate rangi hafifu, rudia ikikauka upate nzito. Mjini kwetu itakuwa ajabu kukosa kahawa ya kuchorea.

Udongo ni rangi pia. Chukua mwekundu wa mlimani na mweusi wa tambarare, uanike, uponde, uchuje kwa kitambaa chepesi. Changanya na gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji kiasi sawasawa. Haipukutiki ikikauka, na dukani huwezi kupata rangi inayofanana na barabara ya kijijini kwenu namna ile. Chokaa usitumie kama rangi nyeupe, maana inaunguza ngozi na macho. Ponda chaki badala yake.

Mkaa wa jikoni unachora, ila mgumu unakwaruza karatasi. Wa laini utengeneze hivi: jaza vijiti vikavu vyembamba kwenye kopo la bati, toboa tundu dogo kwenye kifuniko, funga, weka kwenye jiko la mkaa. Kifuke kikikoma kutoka tunduni, epua na usifungue hadi kopo lipoe kabisa, vinginevyo vijiti vitashika moto. Kazi hii si ya watoto.

Mihuri hainunuliwi. Bamia ukiikata kwa upana inapiga chapa ya ua lenye pembe tano. Kikonyo cha jani la mgomba kikikatwa kina vyumba vidogovidogo, na chapa yake ni hilali yenye matundu. Kiazi kichonge umbo unalotaka.

Hatua ya 5: Gundi mbili tu

Ya kwanza ipike. Koroga nusu kikombe cha unga wa ngano na nusu kikombe cha maji baridi hadi mabonge yaishe, mimina kwenye vikombe viwili vya maji yanayochemka, koroga hadi iwe nzito na ing'ae. Inafaa karatasi, magazeti na vinyago. Hukaa siku chache tu. Ikianza kunuka uchachu, mwaga.

Ya pili ni gundi nyeupe ya mbao, ile ya maseremala, inapatikana hadiwea. Inashika mbao, vitambaa na visoda, inafungia rangi ya udongo kama nilivyoeleza, na ukiizimua na kupaka juu ya kazi iliyokauka inakuwa vanishi. Gundi ya viatu na supagluu zibaki kwa mafundi.

Hatua ya 6: Brashi na mkasi

Brashi mbili kwa kila mtoto: moja bapa ya inchi moja kutoka hadiwea kwa maeneo makubwa, na moja ya mviringo ya ukubwa wa kati. Ivute nywele kabla ya kulipa. Zikibaki vidoleni, rudisha. Kijiti cha mswaki kilichotafunwa ncha ni brashi nzuri ya majani na nyasi, na mswaki wa zamani wa plastiki hunyunyiza nyota. Mkasi uwe wa ncha butu lakini wenye makali. Mkasi usiokata humfanya mtoto alazimishe, na hapo ndipo anapojiumiza.

Hatua ya 7: Kitu cha kufinyanga

Vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, na maji kidogokidogo hadi karibu kikombe kimoja. Kanda hadi usishike mkono. Vipande viwe vyembamba, vikaukie kivulini, la sivyo vitapasuka. Jueni kwamba chumvi huvuta unyevu, kwa hiyo kazi hizi zinaweza kulainika tena siku za mawingu zisipopakwa vanishi. Usimwachie mbwa, maana chumvi nyingi hivyo inaweza kumuua.

Mwenye kichuguu karibu ana bahati. Udongo wake umeshachujwa na mchwa, unashikana vizuri, na ni bure.

Hatua ya 8: Gawa kwa umri

Chini ya miaka mitatu, visoda, shanga na maharage visiwepo kabisa, maana vitaingia mdomoni. Hao wape krayoni nene na maji ya manjano. Wa minne hadi sita wape rangi tatu kwa wakati, si tano. Wakubwa waachie katoni nzima waamue wenyewe, ila wakubaliane nani anasafisha brashi.

Hatua ya 9: Panga kwa hali ya hewa yetu

Juni na Julai huku ni mawingu na baridi, Arusha zaidi. Rangi inayokauka haraka Desemba itakuchukua hadi jioni. Funga kamba barazani, tundika kazi kwa vibanio vya nguo, na panga kila mtoto awe na kazi mbili, moja ikikauka anashika nyingine. Baada ya kazi brashi zioshwe kwa maji na sabuni, zilazwe. Zikisimamishwa kwa nywele zitapinda.

Picha za manjano zisikae dirishani kwa sababu jua huzififisha. Doa la manjano likiingia kwenye nguo, fua kwa sabuni (litageuka jekundu kwanza, usishtuke), suuza vizuri, anika juani likiwa bado bichi, na rudia kesho yake kama bado lipo.