Somo: Bandika jina lako kwanza (kwa wanaokwenda Ujerumani muhula mmoja au miwili)

Hamjambo ndugu zangu. Wadogo zangu watatu kutoka hapa Tanga wamepata nafasi za kubadilishana wanafunzi na wanaondoka mwishoni mwa Septemba. Wote wameniuliza jambo lile lile kwa simu: nikifika, naanzia wapi? Nilikaa Leipzig mihula miwili, kwa hiyo naweka somo hapa ili na wengine wafaidike. Mambo ya viza siyagusi sana, maana ubalozi Dar es Salaam unatoa orodha yake. Nazungumzia maisha baada ya kushuka kwenye ndege.

Ukimtafuta mtu Ngamiani, hapa kwetu Tanga, hutaji namba ya nyumba. Unataja barabara, ya tisa au ya kumi na nne, kisha unauliza, "Kwa mama fulani ni wapi?" Mtoto atakushika mkono hadi mlangoni. Kule Ujerumani jina lako lisipobandikwa kwenye kisanduku cha barua, wewe hupo. Mpeleka barua haulizi jirani wala hagongi mlango, anasoma majina tu. Shikeni hilo, maana karibu kila hatua hapa chini inategemea barua.

Hatua ya kwanza: kabla ya kuondoka Tanga

Pasipoti, barua ya mwaliko ya chuo, uthibitisho wa bima na barua ya ufadhili ziwe kwenye mkoba wa mkononi, siyo kwenye sanduku. Asiye na ufadhili hutakiwa kuonyesha fedha kwenye akaunti maalumu. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 992 kwa mwezi, yaani 11,904 kwa mwaka.

Makubaliano ya masomo yasainiwe na chuo chako cha nyumbani kabla hujapanda basi. Muhula kamili huhesabiwa krediti 30 za Ulaya. Kozi ambayo haijaandikwa na kukubaliwa huku inaweza kukataliwa utakaporudi, nawe umeifanyia mtihani kwa jasho.

Laini yako ya Tanzania usiiache ikafungwa, kwa sababu namba za siri za benki zitaendelea kuja kwenye laini hiyo. Plagi zetu za pini tatu haziingii kwenye soketi zao za matundu mawili ya duara, basi nunua kigeuzi kimoja. Na koti: pitia mitumbani. Yale makoti mazito ambayo hapa hayana mvaaji ndiyo hasa unayoyataka, na bei yake ni ndogo mno kuliko dukani kule.

Hatua ya pili: wiki mbili za kwanza

Siku ya kwanza, kabla hujalala, andika jina lako la ukoo kama lilivyo kwenye pasipoti, ulibandike kwenye kisanduku cha barua na kwenye kengele ya mlango. Ukipanga chumba ndani ya nyumba ya mtu mwingine, muombe ruhusa, lakini usikubali kuambiwa "jina langu linatosha". Mimi nilikubali. Barua ya miadi ya kibali cha ukaazi ilikuja, mpeleka barua hakuona jina langu, akairudisha. Nilijua baada ya wiki tano, viza ikiwa imebaki siku chache. Nililia kwenye korido ya ile ofisi kama mtoto aliyepotea sokoni. Sitaki mwingine yamkute.

Kisha nenda ukaandikishe makazi. Neno utakalolisikia kila mahali ni *Anmeldung*. Sheria inakupa siku 14 tangu uhamie. Unabeba pasipoti na barua ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba umehamia kwake, na barua hiyo muombe siku ileile unayopokea funguo. Miadi ya ofisini huchukuliwa kwa intaneti na hujaa haraka. Ukikuta hakuna nafasi, fungua ukurasa ule tena asubuhi na mapema, kwa sababu watu hufuta miadi na nafasi zao huonekana hapo.

Ile karatasi ya kuandikishwa ndiyo ufunguo. Benki huiulizia, ofisi ya wageni nayo huiulizia, na baada ya wiki chache namba yako ya kodi hufika kwa posta, kwenye kisanduku kile kile. Itakuja pia barua ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi. Usiitupe ukidhani ni tangazo. Ada hiyo ni ya nyumba nzima, siyo ya kila mtu, hivyo mnaokaa pamoja mnalipa moja na kugawana.

Bima ya afya nayo haina mjadala. Bila uthibitisho wake chuo hakikuandikishi.

Hatua ya tatu: saa

Hapa wengi huumia kimya kimya. Sisi tunahesabu saa kutoka mapambazuko, wao kutoka usiku wa manane, hilo unalijua. Usichokijua ni mtego wa nusu. Mjerumani akisema *halb zehn*, sikio la Mswahili linasikia "kumi na nusu". Ana maana nusu ya kuelekea kumi, yaani saa tatu na nusu asubuhi yetu. Nilikosa miadi ya daktari kwa sababu hiyo. Ukipewa saa kwa mdomo, mpe mtu kalamu aiandike.

Tofauti na nyumbani ni saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa joto, kwa kuwa wao husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Mwambieni mama mapema, asije akakaa na simu mkononi akidhani umemsahau.

Hatua ya nne: barabara

Wana Tanga na baiskeli hatufundishwi, na Leipzig ni mji tambarare unaofaa baiskeli. Lakini kule magari hupita kulia. Wiki za mwanzo, kabla ya kuvuka, tazama kushoto kwanza, maana shingo yako itataka kugeuka kulia kwa mazoea. Baiskeli lazima iwe na taa mbele na nyuma, na polisi hutoza faini kweli. Tiketi ya usafiri ya wanafunzi ulizia chuoni siku ya kujiandikisha, mara nyingi imo ndani ya ada ya muhula.

Hatua ya tano: jikoni na jalalani

Jumapili maduka yamefungwa. Nunua Jumamosi. Mchele upo, nazi ya kopo ipo. Ugali utaupika kwa chenga za mahindi ziitwazo *Maisgrieß*, ukizisaga kidogo zinakuwa laini. Unga wa muhogo wa kupikia bada nilikuwa naupata kwenye duka la Waafrika, na siku ya kwanza nilipoupata nilipika sufuria nzima na kula peke yangu hadi nikashindwa kusimama. Nyama ya halali iko kwenye maduka ya Waturuki.

Takataka hutenganishwa: karatasi pipa la bluu, vifungashio la njano, mabaki ya chakula la kahawia, yaliyobaki pipa jeusi au la kijivu. Majirani huangalia. Chupa za plastiki na makopo ya vinywaji usitupe. Kwa nyingi ulilipa amana ya senti 25 kila moja, na mashine ya supamaketi inakurudishia.

Hatua ya sita: watu

Hili ndilo linalorudisha watu nyumbani kabla ya wakati, siyo baridi. Sisi asubuhi moja tunasalimiana hadi tunauliza hali ya kuku. Kule mtu atakupita kwenye ngazi na "Hallo" moja, na ndani ya treni hakuna anayesema neno. Mwezi wa kwanza nilidhani wananichukia. Kumbe kwao kumwacha mtu na ukimya wake ni heshima, kama sisi tunavyoona heshima ni kumjulia hali.

Usisubiri waanze. Pika, ualike. Lakini alika kwa tarehe na saa, mapema, siyo "karibuni wakati wowote", hawaijui karibu ya namna hiyo. Wenzangu wa korido niliwapikia wali wa nazi na samaki Alhamisi moja ya Novemba, na tangu siku hiyo kulikuwa na mtu wa kunigongea mlango nikiumwa. Na Leipzig chuo kikuu kinafundisha Kiswahili. Vijana wale wanamtafuta mtu wa kuongea naye kama wewe unavyomtafuta. Nenda.

Maswali ya wanachama

*Mama wa Makorora: Mwanangu, binti yangu ndiye mmoja wa hao watatu. Kusali na kufunga itakuwaje?*

Shikamoo mama. Mchana wa kule hubadilika sana. Desemba jua linazama kama saa kumi jioni, Juni linazama karibu saa tatu na nusu usiku. Kwa hiyo asitegemee mazoea ya hapa, awe na ratiba ya mji wake kwenye simu. Ramadhani za miaka hii zinaangukia Februari na Machi, siku hazijawa ndefu. Misikiti ipo, na futari mara nyingi huwa ya pamoja. Amtafute mwanamke mmoja wa msikitini wiki ya kwanza, na mama ukitaka nikae naye jioni moja kabla hajaondoka, nitakuja.

*Mdogo wa Chumbageni: Dada shikamoo. Naruhusiwa kufanya kazi?*

Marahaba mdogo wangu. Tangu Machi 2024 mwanafunzi wa kutoka nje ya Ulaya anaruhusiwa siku nzima 140 kwa mwaka, au nusu siku 280. Soma hata hivyo kilichoandikwa kwenye kibali chako chenyewe. Na muhula wa kwanza usifanye. Utahitaji usingizi.

*Kaka wa Pongwe: Alama zao zikoje?*

Zimepinduka. Kwetu GPA ya 5.0 ni sherehe, kwao 1.0 ndiyo bora, 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu, na 5.0 umefeli. Waeleze wazazi kabla, mzee asije akachinja mbuzi kwa ajili ya tano.

*Dada wa Raskazone: Niambie ukweli. Ubaguzi upo?*

Upo, dada. Nilipigiwa kelele kwenye tramu mara mbili, na mara ya pili nilitetemeka hadi nikashuka kituo kisicho changu. Kaa karibu na dereva usiku. Polisi ni 110, gari la wagonjwa na zimamoto 112. Ukitendewa, mwambie mtu siku hiyohiyo, hasa ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, usiende nalo kitandani. Lakini pia kuna bibi mmoja tramu ile ile ambaye alisimama akamjibu yule mtu kwa sauti, kisha akaja kukaa kiti cha pembeni yangu bila kusema kitu mpaka nikashuka.

*Mdogo wa Chumbageni tena: Na lugha? Masomo yangu ni ya Kiingereza.*

Darasani kitakutosha. Kwenye barua za ofisini hakikutoshi hata kidogo, zote huja kwa Kijerumani. Anza sasa, dakika ishirini kila siku. Usiogope, maneno mawili unayo tayari: shule ni *Schule*, na hela ni *Heller*, sarafu waliyoleta wao wenyewe huku pwani.

Mwenye fomu iliyomkwamisha anitumie picha yake, afunike namba ya pasipoti. Nazijibu jioni, baada ya isha.