SOMO: Unaomba ushauri wa nyumba ya kupangisha? Uliza hivi ujibiwe cha maana

Wakuu habari zenu. Kila mara utamsikia mtu "nina milioni 70 nijenge wapi nyumba za kupangisha Dar", basi huyu atasema Kigamboni, yule Goba, mwingine anamwambia achana na matofali nunua hatifungani za serikali zinazouzwa na Benki Kuu (BoT) ulale, mwisho jamaa anaondoka kachanganyikiwa kuliko alivyokuja. Sio kosa la washauri, swali lenyewe halishikiki.

Hatua ya 1: Amua unauliza nini. "Nina kiwanja Goba nimefika lenta (boriti ya juu ya milango na madirisha), nimalizie nyumba moja ya familia au nikate nne za chumba na sebule?" Hilo mtu analijibu.

Hatua ya 2: Weka namba, na hapa ndo wengi wanajificha sijui wanaogopa vizinga. Mfano nyumba nne za chumba na sebule choo ndani, laki 2 kila moja, ni laki 8 kwa mwezi, kwa mwaka milioni 9.6. Usianze kushangilia. Toa mwezi mmoja wa kukaa tupu maana wapangaji wanahama, inabaki 8.8, toa kodi ya zuio ya TRA 10% ya pango, halafu rangi, koki, vitasa, gari la kunyonya choo, ukibaki na milioni 7 mshukuru Mungu. Kama ujenzi umekula 70 hela yako inarudi baada ya miaka 10 na kiwanja hatujagusa. Ukianika hivyo mzoefu anaona fasta wapi umejidanganya.

Hatua ya 3: Chagua wa kumuuliza. Dalali anakula kodi ya mwezi mmoja kila mpangaji akiingia kwahiyo kwake kila mtaa unalipa. Tafuta mwenye nyumba wa mtaa huohuo, ila usimuulize anaingiza shingapi, atakudanganya tu. Muulize mpangaji wa mwisho alihama kwanini na nyumba ilikaa tupu muda gani. Akikwambia walihama sababu ya maji, ushajua simtank inatangulia kabla hujawaza tailizi na gypsum. Na ukiweza waulize wapangaji wenyewe, hao hawana cha kuficha, watakutajia mpaka bodaboda ya kutoka stendi usiku ni shingapi.

Hatua ya 4: Mambo ya hati usiulize watu kabisa, nenda ofisi ya ardhi ukafanye search, yaani waangalie kwenye kumbukumbu kiwanja ni cha nani. Mtu kukwambia "hapo pako salama mkuu" haina kazi siku bomoabomoa ikija.

MASWALI

Mkuu mimi nina LUKU moja wapangaji wanne, kodi ya jengo ikikatwa ugomvi hauishi, nifanyaje?
– Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU lakini deni ni la mwenye nyumba sio mpangaji. Anayenunua umeme mrudishie hiyo hela au ikatwe kwenye pango, na muandike kwenye mkataba. Ukiweza weka sabmita (mita ndogo ya kila mpangaji), amani utaiona.

Fremu za maduka na vyumba kipi bora?
– Inategemea barabara. Kama daladala hazipiti hapo, fremu utazifungia popo. Kaa hapo jioni uone watu wanavyoshuka.

Niko Muscat, mdogo wangu ndo anasimamia na anasema niongeze vyumba viwili, nimsikilize?
– Dada, huyo mdogo wako ndo atashika hela za ujenzi, kwahiyo tafuta na jirani mwenye nyumba umuulize. Na pango liingie benki moja kwa moja kwenye akaunti yako, sio kwa simu ya mtu.

Vipi nikichukua mkopo benki nimalizie?
– Rudi kwenye hesabu ya juu, milioni 7 kwa 70 ni 10%. Riba za mikopo huku zinacheza kwenye 15%, hiyo tofauti utailipa na mshahara wako. Kama umebakiza milango na bati tu hapo sawa, lakini kuanzia msingi mimi nakataa.