SOMO: Kumsaidia mtoto mdogo kuzoea mtaa mpya mkishahama

Habari zenu wanachama. Somo la leo ni kwa wenye watoto wa kati ya mwaka mmoja na miaka sita. Mtu mzima akihama anajua kwa nini anahama: kazi imebadilika, kodi imepanda, nyumba imekuwa ndogo. Mtoto wa miaka mitatu anaona tu vitu vinabebwa, mlango unafungwa, na kesho yake anafungua macho dirisha haliko pale lilipokuwa. Kinachomtuliza ni yale ya kila siku: nani anamwogesha, analala saa ngapi, anaimbiwa nini taa ikizimwa. Kwa hiyo mtaa ubadilike, lakini siku yake ibaki ile ile. Hatua zote hapa chini zinatoka hapo.

Hatua ya 1: Mwambie mapema, ila si mapema mno

Mtoto wa umri huu hana habari na kalenda, kwa hiyo "tutahama mwezi ujao" haimwambii kitu. Wa miaka miwili, siku chache kabla zinatosha. Wa miaka mitano mpe wiki mbili au tatu. Mhesabie kwa matukio: "Tukilala mara tatu, lori linakuja kuchukua vitu." Mtajie kinachokwenda na kinachobaki, kimoja kimoja, maana akisikia "nyumba tunaiacha" anaweza kudhani na kitanda chake kinaachwa, au hata yeye mwenyewe. Na kama hamrudi, usimdanganye kwamba mtarudi.

Hatua ya 2: Chumba chake kwanza

Boksi lake lipakiwe mwisho, lifunguliwe kwanza. Blanketi, mdoli, kikombe chake. Blanketi usilifue wiki hiyo hata likikukera, kwa sababu harufu ile ndiyo nyumbani kwake. Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza, alieleza tangu mwaka 1951 jinsi kitu cha namna hii kinavyomsaidia mtoto kuvumilia pale mzazi anapokuwa mbali naye.

Mwezi huo huo usimnunulie kitanda kipya, usimwachishe nepi wala ziwa, usimhamishie chumba cha peke yake. Jambo moja kubwa kwa wakati mmoja linamtosha.

Kisha piga magoti utambae chumba hadi chumba ukiangalia kwa kimo chake. Utaona ambayo ukisimama huyaoni: waya uliochunika, dirisha lisilo na kizuizi, sumu ya panya aliyoiacha mpangaji aliyetangulia nyuma ya kabati. Ndoo zimwagwe maji kila mkimaliza kutumia, kwani mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji ya kina cha sentimita 5 tu. Jioni tembea naye kutoka kitandani hadi chooni, kwanza taa zikiwaka, halafu zikiwa zimepunguzwa. Kujikojolea kwa siku za mwanzo wakati mwingine kunatokana na mtoto kuogopa njia hiyo usiku.

Hatua ya 3: Njia moja, kila siku

Hapa ndipo wengi wanaharakisha. Wanamzungusha mtoto mtaa mzima siku moja, anarudi amebebwa begani, hakumbuki hata kona moja.

Chagua njia fupi, ya dakika kumi hivi, muipite kila siku saa ile ile. Mshike mkono lakini yeye ndiye aongoze. Alama achague mwenyewe, na atachagua ambazo wewe usingezitazama: geti la bluu, mti uliopinda, mfuniko wa chuma unaolia ukikanyagwa. Kesho muulize kabla hamjafika, "Tukipita geti la bluu tunakuta nini?" Mwanzoni atanyamaza. Siku atakapokuvuta akimbilie mfuniko wake aurukie kwa miguu yote miwili, ujue mtaa umeanza kuingia kichwani. Hapo ongeza njia ya pili.

Mkono usiuachie karibu na barabara hata akiimudu njia. Watoto wadogo hawana uwezo wa kukadiria kasi ya gari, hata wale wanaoimba kanuni za kuvuka bila kukosea.

Wa miaka minne na kuendelea mfundishe jina lake kamili, majina ya wazazi na namba ya simu. Ukiitia namba wimbo inashika upesi.

Hatua ya 4: Watu

Majirani anza kuwasalimia wewe. Mtoto anakutazama usoni kwanza kabla hajaamua kama mtu huyu ni salama. Akijificha nyuma ya miguu yako mwache. Najua wengine mtasema ninawadekeza, lakini mtoto hujifunza salamu kwa kuiona ikitolewa, na kumsukumia mikononi mwa asiyemjua hakumfundishi heshima.

Kwa wenzake, anza na mtoto mmoja, muda mfupi. Mwaka 1932 mtafiti Mildred Parten alieleza hatua za uchezaji, na mojawapo ni watoto kucheza bega kwa bega kila mmoja na lake. Kwa hiyo wa miaka miwili akichota mchanga kando ya mwenzake bila kusemezana, anacheza naye. Usiwaingilie.

Hatua ya 5: Akirudi nyuma

Atanyonya kidole alichokwisha kukiacha, ataongea kitoto, atakung'ang'ania. Kwa wiki kadhaa ni kawaida. Badilisha shuka bila hotuba. Chunga usingizi pia: wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji saa 11 hadi 14 kwa siku, wa miaka 3 hadi 5 saa 10 hadi 13, ukijumlisha na wa mchana. Ukaidi wa baada ya kuhama wakati mwingine ni kukosa usingizi tu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, wangu ana miaka minne, kila jioni anasema "twende nyumbani". Nikimwambia hapa ndipo nyumbani analia zaidi. Nimjibu nini?

Usibishane naye, mama. Mwambie, "Umeikumbuka nyumba yetu ya zamani, eh? Ulipenda nini kule?" Mwache aeleze, achore, atazame picha. Anaomboleza, na anayeomboleza anataka kusikilizwa. Jioni ni saa ya uchovu, kwa hiyo mwahishe kitandani kidogo.

Wa kwangu ana mwaka na miezi miwili. Tangu tuhamie hapa hata chooni siendi, analia. Tumemharibu?

Hapana, dada. Hofu ya kutenganishwa na mzazi huwa kali zaidi kati ya miezi 10 na 18, na nyinyi mmehama katikati yake. Usimtoroke akiwa ameangalia pembeni, maana atakulinda zaidi. Muage kwa neno lile lile kila mara, nenda, rudi. Anza na dakika mbili.

Chekechea aanze mara moja au tusubiri?

Mkiwa na hiari, subirini wiki moja hivi nyumba itulie, msivute miezi. Kabla hajaanza nendeni naye mara moja mbili aone mlango, choo na uso wa mwalimu. Njia ya kwenda huko ndiyo muifanye ile njia yenu ya kila siku.

Mume wangu anasema tusikanyage mtaa wa zamani mpaka mtoto asahau. Ni kweli?

Kwa heshima zote kwa shemeji, hapo sikubaliani naye. Marafiki wakipotea ghafla mtoto hapati maelezo yoyote. Nendeni, ila mwambieni kabla: "Tunakwenda kusalimia, halafu tunarudi kulala kwenye kitanda chako." Akilia mkiondoka, hiyo haina maana kwamba ziara imeharibika.

Lini tuanze kuwa na wasiwasi?

Miezi miwili ikipita na bado hali vizuri, halali, wala hataki kucheza, muoneni daktari wa watoto. Akiwa amepoteza maneno aliyokuwa akiyasema au ameacha kuitikia jina lake, msingoje hiyo miezi. Mpelekeni wiki hii hii, na mumweleze daktari tarehe mliyohama.