Pimeni Mpira wa Pampu kwa Ndani, Si kwa Nje

Kila kiangazi wakulima wa nyanya na mboga wa bonde la Mto Luiche, hapa Kigoma, wananiletea lalamiko lile lile, kwamba pampu inawaka vizuri lakini haivuti maji. Nikifika shambani, mara nyingi naikuta pampu nzima kabisa. Kosa lilianza siku mkulima alipokwenda dukani na kipimo cha nje.

Mkulima anaweka rula juu ya meno ya mdomo wa pampu ya inchi 2, anasoma takriban milimita 60, anahesabu kwamba hiyo inakaribia inchi mbili na nusu, na huo ndio mpira anaonunua. Ndugu zangu, inchi 2 inayotajwa kwenye pampu ni upana wa njia ya maji, kama milimita 50, wala si upana wa meno. Kwa pampu ya inchi 3 meno hufika karibu milimita 88, ilhali mpira wake una upana wa ndani wa milimita 75 au 76. Kinachowachanganya wengi ni bomba jeusi la poli, ambalo lenyewe hutajwa kwa kipimo cha nje, ndiyo maana la milimita 63 hutumika mahali pa inchi 2. Hesabu ya bomba hilo msiihamishie kwenye mpira.

Kateni ncha ya mpira kwa kisu kikali, isiwe na mshazari, kisha pimeni upana wa ndani mara mbili kwa njia ya msalaba, kwa kuwa mpira uliokaa umeviringishwa hubonyea, nanyi mchukue wastani. Shina la koplingi (kifaa kinachounganisha mpira na pampu), yaani sehemu yenye mikunjo inayoingia mpirani, liwe sawa na kipimo hicho au lizidi kwa milimita 1 hadi 2. Likiteleza lenyewe bila kusukumwa ni dogo, lirudisheni. Likibana, chovyeni ncha ya mpira katika maji ya moto kwa dakika 2 au 3, na nawasihi msiubabue kwa moto wa jikoni, maana hapo ndipo utakapopasuka. Kipimo cha nje ya mpira kina kazi moja tu, nayo ni kuchagua klampu, yaani pete ya skrubu inayobana mpira juu ya shina. Fungeni mbili, skrubu zake zikielekea pande tofauti.

Nimekuta koplingi iliyozungushiwa tyubu ya baiskeli raundi nyingi na kukazwa kwa kamba ya katani, mwenyewe akinihakikishia kwamba haivuji hata tone. Ni kweli haikuvuja, kwa sababu upande wa kunyonya hautoi maji nje, bali huvuta hewa ndani, na hewa hiyo ndiyo inayokata maji huku petroli ikiteketea. Pakeni povu la sabuni kwenye kiungo pampu ikiwa inafanya kazi: likimezwa ndani, tundu ni hapo.

Kazi hii ifanyike mwezi Mei, kabla miche haijaanza kudai maji, na koplingi ya zamani ibebwe mkononi kwenda dukani. Maji yakitoka mfululizo bila mapovu, kiungo kimekaa. Baada ya nusu saa ya kwanza zimeni pampu, mkaze klampu upya, kwa kuwa mpira mpya ukishapata joto hulegea.