Kabla hujaja Moshi Desemba na deni la riba sifuri kule Marekani

Ikifika Desemba sie Wachaga tunapanda mlimani, hilo halina mjadala, na siku hizi wengi wanaoshuka pale uwanja wa ndege wa KIA wanatokea Houston, Minneapolis, Maryland huko, afu kwenye waleti kuna ile kadi ya mkopo ya ofa, miezi 15 au 18 riba sifuri. Mi ofa yangu iliniponyoka nikiwa Kibosho nakunywa mtori. Na hela ya kulipa nilikuwa nayo benki, ndo kinachouma aisee.

Nilikuwa na dola 4,200, nimezihamisha toka kadi nyingine iliyokuwa inanila riba, tarehe ya kulipa ni 20 kila mwezi. Nimekuja kwa wiki tatu tu, laini yangu ya Marekani nikaisimamisha kabisa eti nabana matumizi. Desemba 20 nikawasha apu nilipe, ikaona niko nchi nyingine, ikaniambia tumekutumia namba za kuhakiki kwenye simu inayoishia 47. Inayoishia 47 ndo ile laini niliyoizima. Nikasema poa, nikirudi nitalipa, nitapigwa faini ya kuchelewa yaishe. Sasa Januari 3 baba mdogo akafariki. Msiba, mazishi, wageni, afu ukoo ukasema hakuna kuondoka kabla ya arobaini, na we nani ubishane na ukoo? Nimerudi Marekani mwisho wa Februari.

Hapo ndo nikajifunza hesabu ya siku 60. Watu wanatishana kwamba ukichelewa siku moja tu ofa imekufa, zamani ilikuwa inaweza kutokea hivyo, ila kuna sheria ya 2009 kule inayosema deni ulilonalo tayari kwenye ofa hawaligusi mpaka uchelewe zaidi ya siku 60. Kabla ya hapo ni faini, na ukivuka siku 30 wanaweza kukuripoti kwa wale wanaotunza historia za mikopo, doa hilo linakaa miaka saba. Desemba 20 mpaka Februari 18 ni siku 60 kamili, hesabu mwenyewe. Mi nilipita kama wiki hivi. Wiki moja! Barua ikaja, lazima wakupe taarifa siku 45 kabla ya kupandisha, halafu riba ikapanda mpaka asilimia 29.99, yaani mwezi wa kwanza tu dola 105 za riba, toka sifuri.

Kwa hiyo kabla hujafunga begi, cha kwanza weka malipo yajikate yenyewe kwenye akaunti yako, angalau kile kiwango cha chini wanachodai kila mwezi. Ila usiweke usiku wa kuamkia safari ukadhani umemaliza, maana kadi nyingi ukiweka leo zinaanza kukata mwezi unaofuata, huu wa sasa bado unatakiwa ulipe kwa mkono wako, apu yenyewe inaonyesha tarehe ya kwanza ya kukata, isome. Na hiyo akaunti ibaki na hela, kuna mtu namjua aliweka kila kitu vizuri afu kodi ya nyumba ikakata tarehe moja, kadi ikakuta mifuko mitupu, malipo yakarudi na faini juu.

Laini usiizime. Hili nalirudia kwa kila mtu mpaka wananiona kero. Badilisha iwe kifurushi cha bei ndogo kabisa kama unabana hela, washa kwenye seting ile ya kupokea simu na meseji kwa waifai, ijaribu ukiwa bado kule kwa kuweka simu kwenye hali ya ndege na waifai peke yake uone kama meseji ya benki inaingia. Huku bando lipo na hotspoti ya mdogo wako ipo, inatosha. Na ingia kwenye apu ukiwa kule ubadilishe paswedi kama umeisahau, usingoje kuibadilishia Kiboriloni.

Namba ya huduma kwa wateja iandike kwenye karatasi, ile ya kupigia ukiwa nje ya Marekani, huwa iko nyuma ya kadi. Zile za bure zinazoanza na 800 toka huku mara nyingi hazipiti.

Masaa nayo yanachanganya ila safari hii yako upande wetu. Kule malipo yakifika kabla ya saa kumi na moja jioni ya tarehe ya mwisho hujachelewa, na kama wanapokelea pwani ya mashariki, saa kumi na moja yao ya Desemba huku ni saa saba usiku tayari tarehe nyingine. Lakini usicheze na dakika za mwisho, umeme ukikatika utamlaumu nani.

Sasa angalia na kadi yenyewe ni ya aina gani, maana hizo siku 60 sio za kila mtu. Kama kadi ni ya biashara, ile sheria haikulindi, wanaweza kufuta ofa kwa kuchelewa kidogo tu, soma mkataba. Na zile za maduka za kuchukulia friji au TV, unaambiwa hakuna riba ukimaliza ndani ya miezi 12, hizo kasheshe yake nyingine kabisa, ukibakiza hata dola 20 mwezi wa mwisho wanakupigia riba ya tangu siku uliyobeba friji. Mi binafsi naona huo ni mtego, sifuri yao na sifuri ya kadi ya kawaida sio sifuri moja. Afu usitoe keshi ATM na kadi ya ofa ukiwa huku, hata kama ndafu imekukuta hauna kitu, ofa kwa kawaida haigusi keshi, riba inaanza siku hiyo hiyo na makato juu.

Na kama ushachelewa tayari na unasoma hii uko Machame, lipa kiwango cha chini leo, afu piga uombe wakufutie faini, kama ni mara ya kwanza wengi wanakubali. Ukishavuka 60 bado sio mwisho: lipa kwa wakati malipo sita mfululizo kuanzia riba ilipopanda, sheria inawalazimisha wakurudishie riba ya zamani kwenye lile deni, na kama muda wa ofa haujaisha unarudi sifuri. Mi nimerudi sifuri Oktoba, ofa imebakiza miezi minne, nikaikimbiza kama mtu anayewahi gari la mwisho la Kibosho.

Mwaka jana Desemba 20 nilikuwa tena nyumbani. Malipo yalikuwa yamepangwa yajikate, ila saa sita usiku nikatoka nje kuangalia kama yamekubali, mtandao kwetu unashika vizuri karibu na banda la ng'ombe. Mama akatoka na tochi, "We mwana, saa hizi unaongea na nani?" Nikamwambia naangalia deni. Akanimulika kwanza mimi, akamulika ng'ombe, akasema haya maliza, ukiingia ufunge na geti.