Kuchagua nyuzi za sintetiki za dabo besi, na kuishi nazo hapa Mbeya

Dabo besi yangu, ile ala kubwa ya jamii ya fidla inayopigwa ikiwa imesimama, ni ya plaiwudi, ukubwa wa 3/4, na ni kongwe kuliko mimi. Ilipanda kutoka Dar es Salaam juu ya lori, imebanwa katikati ya magodoro mawili, ikapita Kitonga na Makambako mpaka Mbeya bila kuvunjika kitu. Nyuzi zake zilikuwa za chuma, zimeota kutu hadi zinapaka vidole rangi. Nimeipiga kanisani, kwenye harusi na kwenye mazoezi ya kwaya kwa miaka 11 sasa. Minne ya mwanzo nilipigia chuma. Saba iliyofuata nimekaa na nyuzi za kiini cha sintetiki, na sina mpango wa kuziacha, isipokuwa kwa uzi mmoja nitakaoueleza.

Mwezi uliopita kijana wa Kihesa, Iringa, alinipigia simu. "Shikamoo mwalimu. Shangazi amenitumia hela ya nyuzi. Ninunue zipi?"

"Marahaba. Unapiga zaidi kwa upinde au kwa vidole?"

Akanyamaza. Nikamwambia asinunue chochote mpaka nimwandikie. Haya ndiyo niliyomwandikia, nimeyaongeza kidogo.

Uzi wa besi una kiini, na juu ya kiini umezungushiwa utepe mwembamba wa chuma. Kiini ndicho kinachobeba mvuto wa uzi unapokazwa. Zamani kilikuwa utumbo wa kondoo uliokaushwa na kusokotwa: sauti tamu, lakini unyevu kidogo tu unaulegeza au kuukaza. Chuma kikaja kikaondoa usumbufu huo, kikaleta na ukali wake. Kiini cha sintetiki ni nyuzinyuzi nyingi za nailoni au plastiki ya jamii yake zilizofungwa pamoja, na lengo lake ni kukupa ulaini wa utumbo bila hasira zake.

Ukidonoa uzi wa chuma, sauti inang'aa na kukaa hewani muda mrefu. Ukidonoa wa sintetiki, inatoka nene, inajaa chumba, halafu inaondoka mapema. Kwenye kwaya yetu ya sauti nne hilo ndilo lililonivuta. Kwa chuma, besi yangu ilisikika kando ya waimbaji. Kwa sintetiki iliingia chini yao, na wanaume wa sauti ya nne waliniambia kwamba sasa wanapata noti yao bila kuitafuta. Upinde nao unashika kirahisi zaidi. Huhitaji kuulazimisha uzi uanze kulia.

Kwa hiyo jiulize mkono wako wa kulia unafanya nini. Kama unapiga bendi ya dansi yenye spika kubwa, unadonoa usiku kucha na unataka kila noti ikatike waziwazi katikati ya magitaa, baki na chuma. Kama unachanganya upinde na vidole, na mara nyingi unapiga bila spika, sintetiki itakufaa. Angalia pia pikapu yako, yaani kifaa kinachochukua sauti ya besi na kuipeleka kwenye spika. Ya piezo, inayosikiliza mtikisiko wa mbao na kukaa kwenye daraja (kibao kinachoinua nyuzi juu ya sanduku), haijali kiini ni cha nini. Ya sumaku inataka chuma, na juu ya nyuzi hizi inaweza kunong'ona tu au kutoa nyuzi nne kwa nguvu zisizolingana.

Majina utakayokutana nayo si mengi. Pirastro wa Ujerumani wana Obligato, zenye sauti ya joto na nyepesi kwa upinde, na Evah Pirazzi, zenye mng'ao na nguvu zaidi. Thomastik-Infeld wa Vienna wana Dominant. D'Addario wa Marekani wana Zyex, ambazo kwa sikio langu ziko karibu zaidi na utumbo. Nyuzi nne za besi huitwa kwa noti zake, kutoka nene hadi nyembamba: E, A, D, G. Mimi natumia Obligato kwa G, D na A. E yangu ni ya chuma, Spirocore, na huo ndio uzi niliosema. E inatakiwa kulia kwenye mitetemo 41 hivi kwa sekunde, na kwenye sanduku la plaiwudi E ya sintetiki ilikuwa inavuma tu, husikii ni noti gani. Ukichanganya hivi, chukua chuma chenye mvuto mdogo, kilichoandikwa Weich. Ni Kijerumani, maana yake laini. Mittel ni wastani na Stark ni yenye nguvu. Ukiweka Stark kando ya sintetiki, kidole kinatoka kwenye kamba na kugonga nondo.

Soma pakiti mara mbili kabla ya kulipa. Iwe ya 3/4 kama besi yako ni 3/4. Pima kutoka kizingiti cha juu, kile kipande chenye mifereji karibu na vigingi vya kutyuni, hadi daraja. Nyingi za ukubwa huo zina sentimita 104 hadi 106. Iwe ya okestra, isiwe ya solo. Nyuzi za solo zimetengenezwa kupigwa toni moja juu zaidi, na ukizishusha kwenye E, A, D, G zinalegea. Seti nzuri inazidi dola 150, na baadhi ni ghali zaidi ya hapo. Kwa bei hiyo, na kwa kuwa itabidi umwombe mtu anayesafiri akubebee, kosa la pakiti linauma.

Sasa kazi yenyewe, na hapa naomba uende polepole.

Nyuzi za sintetiki ni nene kuliko za chuma. Mifereji ya kizingiti na ya daraja iliyochongwa kwa ajili ya chuma itazibana, na uzi uliobanwa unachubuka utepe wake au unakwama kisha unaruka ghafla unapotyuni. Mfereji upanuliwe kwa tupa ndogo ya mviringo, uzi ukae ndani kama nusu ya unene wake au chini ya hapo, halafu upake risasi ya penseli ili uteleze. Panua upana, usichimbe kina. Mara ya kwanza nilichimba kina kwenye kizingiti, A ikawa inagonga ubao na kuzizima. Fundi wa vinyago alinipa vumbi la mpingo, nikalijaza mferejini na gundi ya supaglu, nikachonga upya kesho yake. Tengenezo hilo lipo mpaka leo.

Badilisha uzi mmoja mmoja. Uufungue wa zamani, uuvike mpya, uukaze karibu na mahali pake, ndipo uguse wa pili. Ndani ya besi kuna nguzo ya sauti, kijiti kilichosimama kati ya ubao wa mbele na wa nyuma. Hakina gundi. Kinashikiliwa na mkandamizo wa nyuzi, ambao kwa zote nne kwa pamoja unapita kilo 100 za mvuto. Mwaka wa seti yangu ya kwanza nililegeza zote nne usiku mmoja ili nifute vumbi chini ya daraja. Daraja likaanguka, na ndani nikasikia kijiti kikidondoka na kubingirika. Siku tatu mimi na seremala wa jirani tulikirudisha kwa waya uliokunjwa, tochi na kamera ya simu iliyopitishwa kwenye tundu la sauti. Jumapili hiyo kwaya iliimba bila besi, na niliumia sana.

Unapoviringisha uzi, usiuache ujipinde. Ukikunjika mara moja, utepe unafunguka, na hapo umekwisha. Kila baada ya mizunguko michache tazama daraja kwa ubavu. Nyuzi zinapokazwa zinavuta kichwa chake kuelekea ubao wa vidole. Livute kwa mikono miwili, taratibu, mpaka upande wake unaotazama mkia usimame wima na miguu yote miwili ilale bila mwanya.

Kisha subiri. Chuma kinatulia kwa siku moja au mbili. Sintetiki inaendelea kunyooka kwa wiki nzima, wakati mwingine mbili. Siku ya kwanza utatyuni, utapiga mstari mmoja wa wimbo, na G itakuwa imeshuka. Usiivute juu kupita noti yake ukidhani utaiharakisha. Irudishe tu mahali pake, kila mara, na uipige sana kwa upinde. Ndiyo maana mimi hubadilisha nyuzi Jumatatu, baada ya kuhakikisha wiki hiyo hakuna harusi. Sauti nayo inabadilika katika siku hizo: mwanzoni ina ukali wa upya, halafu inafunguka. Usiihukumu seti kabla ya wiki mbili.

Nyuzi hizi zinayumba kwa upana zaidi, kwa hiyo zinahitaji nafasi. Mwishoni mwa ubao wa vidole, chuma changu kilikaa milimita 5 kwa G na 8 kwa E. Leo G yangu iko milimita 7, na E, ingawa ni chuma, nimeipandisha hadi 9 ili mkono usikutane na bonde. Kama daraja lako lina vigurudumu vya kupandishia, hiyo ni kazi ya dakika tano. Legeza nyuzi kidogo kwanza.

Hali ya hewa ya kwetu inakuja hapa. Watu husema sintetiki haijali unyevu, na kwa uzi wenyewe ni karibu kweli. Lakini mbao zinajali. Kuanzia Juni mpaka Oktoba Mbeya ni kavu, ubao wa mbele unasinyaa na kushuka, nyuzi zinakaribia ubao wa vidole na kuanza kukwaruza. Masika unavimba, nyuzi zinapanda, mkono wa kushoto unachoka. Nina alama mbili za penseli kwenye vigurudumu vya daraja, moja ya kiangazi na moja ya masika. Ukiishi Tukuyu, ambako mvua haina likizo ndefu, huenda alama moja ikakutosha. Na usiku wa Julai, mkiwasha jiko la mkaa sebuleni, besi ihamie chumba kingine. Yangu ni plaiwudi, ilishuka tu. Ya mbao halisi ingepasuka.

Rozini, ile gundi kavu inayopakwa kwenye nywele za upinde ili zishike uzi, ni habari ya karibu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Inatokana na utomvu wa miti ya jamii ya paini, kama ile ya Sao Hill kule Mafinga, baada ya utomvu kuchemshwa hadi tapentaini itoke. Mwanafunzi wangu mmoja alichukua utomvu mbichi akaupaka kwenye upinde. Nywele zote ziligandamana, ikabidi zibadilishwe. Nunua rozini ya besi, iliyo laini kuliko ya fidla, na katika baridi ya Julai ipashe moto kiganjani kabla ya kupaka. Sintetiki inahitaji kidogo. Pasi mbili au tatu za upinde zinatosha.

Baada ya kupiga, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu cha pamba. Spiriti, ambayo wengine hutumia kwenye chuma, mimi siigusishi kabisa: inaweza kupenya kati ya utepe na kiini, na tone likianguka kwenye vanishi linaacha doa la kudumu.

Seti ya sintetiki haiishi kama chuma. Yangu, kwa kupiga siku nne kwa wiki, inakaa karibu miaka miwili. Dalili ninazotazama ni noti ya juu ya G kutolingana na ile ya wazi, isiyobonyezwa, hata kidole kikiwa mahali pake, sauti kuwa ya usingizi hata ukiisafisha, na utepe kuachana, hasa pale kidole cha kwanza kinapokaa. Pitisha ukucha taratibu. Ukihisi ngazi, agiza nyingine mapema, kwa sababu kufika kwake kunaweza kuchukua miezi.

Zile ulizovua usizitupe. Zikunje kwa duara kubwa, ziweke kwenye bahasha, andika herufi na tarehe, maana rangi za hariri kwenye ncha zinasahaulika. Mwaka juzi, kwenye harusi Tukuyu, D ilikatika saa kumi jioni kabla maharusi hawajaingia. Uzi wa zamani ulikuwa umeshanyooka miaka miwili, kwa hiyo niliuvika, nikautyuni mara mbili tu, na ukashika mpaka usiku.